Mti wa Hodi

Kwetu Namatewa mtu haingii msituni kama anavyoingia jikoni kwake. Njia za kuingilia ziko tano, na kwenye mdomo wa kila njia umesimama mpingo mmoja mkongwe unaoitwa mti wa hodi. Ukifika hapo unageuza panga, unaugonga mti kwa mgongo wa panga mara tatu, kisha unatega sikio. Mpingo mzima hulia kama kengele ndogo. Hiyo ndiyo karibu yako, pita. Ukilia bubu, kama umegonga gunia la mchanga, basi wenye msitu hawapo au hawakutaki, na hapo hakuna mjadala. Unarudi nyumbani na kikapu chako kitupu, hata kama uliahidi watu ming'oko, vile viazi vya mwituni, kwa chakula cha mchana. Bibi yangu alirudishwa mara mbili katika maisha yake, na mpaka anakufa alizikumbuka siku zote mbili.

Wageni wa Kituo cha utafiti wa mpingo hucheka wakisikia haya. Mmoja aliniuliza kama mti unaelewa Kiswahili. Nikamwambia Kiswahili haujui, unajua adabu.

Jumatano ile nilitoka shambani kwetu na kishoka changu kiunoni, utomvu bado mbichi kwenye makali. Setilaiti zilikuwa zimeshatupa tarehe ya mvua za kwanza: tarehe ishirini na tatu, alasiri, zikikosea ni kwa siku moja. Kabla ya mvua ilinipasa kupima miti ya mwitu, kama nilivyofanya kila mwaka kwa miaka kumi na moja. Nilifika mti wa hodi wa njia ya Mtoni, nikaugonga kwa kisogo cha kishoka. Uliitika kwa sauti tamu ambayo sikuwahi kuisikia. Ilikaa hewani hadi nikahesabu saba.

Nilitabasamu peke yangu kama mwehu. Kijijini ilikuwa imeshasemwa sana kwamba miaka hii msitu umetuzoea, unatuitikia vizuri kuliko ulivyowaitikia wazee wetu. Nami niliamini. Nani hapendi kupendwa?

Miaka yote nilipima unene wa shina kwa utepe tu; mwaka huu nikatoa kioo cha shambani, nikakibana kwenye gome. Kioo ni kidude cha ukubwa wa sahani ya chai kinachoonyesha ndani ya mti bila kuukata. Mpingo una rangi mbili. Katikati ni weusi, na huo ndio wanaoutafuta wachonga vinyago na watengeneza zumari wa dunia nzima. Kuzunguka weusi kuna weupe, mwembamba, usio na mnunuzi. Lakini mti unaishi kwenye weupe. Maji hupanda humo, chakula hushuka humo. Weusi ni sehemu iliyokwisha kufa. Mti wa mwitu hujaza weusi wake taratibu, miaka sabini, mia, na siku zote huacha weupe wa kutosha kuendelea kuishi.

Kioo kilionyesha weusi mtupu. Weupe uliobaki ulikuwa kama unene wa ukucha wangu.

Nikadhani kioo kimeharibika. Nikakipangusa kwa kanga, nikaingia ndani, nikapima mpingo mwingine ulio mbali na njia. Mzima. Nikarudi kwenye mti ulio jirani na mti wa hodi. Weusi ulikuwa umefika robo tatu na zaidi, na ukingo wake una meno meno, kama nguo iliyoliwa na mende. Meno yale nayajua. Ni mimi ninayeyaotesha shambani.

Nilikaa chini kwenye majani makavu. Siku tatu zilizofuata nilipima msitu wote, njia zote tano. Kati ya mipingo mia nne na kidogo iliyobaki katika msitu wetu, miti sitini ilikuwa na chachu.

*

Kijijini naitwa Mama Chachu, ingawa jina langu ni Somoe Nambunga na mkate sijawahi kuoka. Chachu ni kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, kinaletwa na Kituo ndani ya chupa. Unafungua dirisha dogo kwenye gome la mti mchanga kwa kishoka, unatoboa kwa keekee, unamimina, unaziba kwa nta. Chachu inakula weupe na kuacha weusi nyuma yake. Kazi iliyokuwa ya miaka themanini inakwisha kwa miaka kumi na moja. Mwaka wa kumi na moja, kabla ya mvua, unauchoma mti dawa ya pili, sisi tunaiita breki. Breki inaua chachu na kuuacha mti na weupe wa kidole kimoja. Unaupumzisha miaka mitatu weusi ukomae, halafu unavuna. Usipopiga breki mwaka huo, mvua zikianza chachu inapanda na maji na kumaliza weupe wote kwa msimu mmoja wa masika. Mti unakufa umesimama, na mbao zake zinapasuka kama muhogo juani.

Ndivyo tulivyouokoa msitu, au ndivyo tulivyoambiwa. Tangu mashamba ya chachu yaanze hakuna mtu aliyethubutu kukata mpingo wa mwitu. Wa nini, na wa shambani upo?

Mwaka huo ulikuwa mwaka wetu wa breki. Kikundi chetu kilikuwa na wanawake kumi na wawili, kila mmoja na miti arobaini. Sanduku lilikuwa limeshashushwa na droni, chupa mia nne na themanini, kila mti chupa yake.

Nikampigia simu Kihwele, kijana wa Kituo anayetusimamia. Ni mtu mwema, na wema wake ndio ulionipa shida.

"Mama yangu," akasema nilipomaliza kumweleza, "una uhakika kioo hakijachoka?"

"Kioo hakijachoka. Mimi ndiye nimechoka. Nitumie breki nyingine."

"Breki inachachushwa siku arobaini. Mvua ni baada ya siku kumi na sita. Na vikundi vingine vyote vimeshamaliza zao."

"Mti mkubwa wa mwitu unahitaji chupa ngapi?"

Akakokotoa. "Nane."

Mimi nilikuwa nimeshakokotoa. Nane mara sitini ni mia nne na themanini. Nimeishi miaka hamsini na minne nikijua kwamba Mungu ana mzaha, lakini mara nyingine anauzidisha.

"Pengine ni wadudu walioibeba," Kihwele akasema. "Upepo, wadudu. Kitu ambacho hakuna mtu angekizuia. Mama Chachu, sikiliza. Ukiandika ripoti, watakuja na matrekta wang'oe shamba lote kesho yake. Mimi sijasikia kitu. Piga breki shambani kwako. Huko msituni miti ikikauka, watu watasema ni ukame."

"Na wewe utasema nini?"

"Nitasema ni ukame."

Sitajipamba. Nilishukuru. Kama ni wadudu, basi ya msitu ni ya Mungu na ya shamba ni yetu. Nililala vizuri.

*

Kesho yake nikaanza breki kwenye mstari wa wifi yangu, Bi Tabia Mkwanda. Ni dada wa marehemu mume wangu, ana miaka sabini na mmoja, na ndiye mwenyekiti wa kikundi. Mkubwa huanza, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nampenda, na nilitaka yake yawe yamekwisha kabla moyo wangu haujageuka.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Taratibu na keekee, huo ni mti, si ukuta wa benki." Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, ananisimamia. Mkono wake mmoja ulishika mti kama mtu anayemshika mtoto kliniki.

Baba yake Tabia alikuwa mchonga vinyago enzi za magogo ya mwitu. Alichonga maisha yake yote, na magogo mazuri kuliko yote aliyapitisha kwa wanunuzi wa zumari bila kuyagusa. Kituo kimeahidi kwamba kila mkulima akivuna atarudishiwa zumari moja iliyotengenezwa kwa mti wake mwenyewe. Wenzetu wengine wanataka kuiuza. Tabia hataki kuiuza wala hajui kuipiga.

"Nataka niisikie tu," aliniambia tena asubuhi ile. "Baba alikuwa anasema ule mti una sauti ndani. Nimezaliwa na mpingo, nimeolewa na mpingo, sauti yenyewe sijaisikia. Miaka mitatu tu imebaki. Nikisikia, nife."

"Usiseme kufa, wifi."

"Wewe unaogopa neno. Mimi naogopa kuchelewa."

Nilipofika mti wake wa arobaini, jua lilikuwa limepanda. Tabia alikuwa ameondoka mapema kupunguza matawi mstari wa chini, kisha akaingia msituni kuchimba ming'oko. Akarudi na kikapu kimejaa, akakitua mbele yangu, akacheka.

"Leo umeitika kama harusi! Mti wa njia ya Makaburini. Nimegonga mara tatu, masikio yakaniwasha."

Panga lake lilikuwa limelala juu ya ming'oko. Kwenye makali kulikuwa na utomvu wa matawi ya shambani, bado unanata. Kwenye mgongo wa panga pia, maana utomvu huteremka. Na juu ya utomvu ule wa mgongo kulikuwa na vumbi jeusi la gome la mti mkongwe.

Nililitazama panga lile kwa muda mrefu, mpaka Tabia akaniuliza kama naumwa.

Kwenye mkoba wangu kuna karatasi za kupimia. Zikigusa chachu zinageuka buluu. Nikapangusa mgongo wa panga kwa karatasi moja. Buluu. Nikachomoa kishoka changu mwenyewe, kile ninachofungulia madirisha ya chachu, kile ninachokwenda nacho kila mwaka kwenye njia zote tano, nikapangusa kisogo chake. Karatasi iligeuka buluu nzito, karibu nyeusi.

Hakukuwa na wadudu wala upepo. Tulikuwa tunatoka shambani na vyuma vyetu vibichi, tunafika mlangoni kwa adabu, tunagonga mara tatu, na kila tukigonga tunaupasua mti gome kidogo na kuupaka kifo. Kutoka mti wa hodi chachu ilipita kwa mizizi hadi kwa majirani. Na kadiri weusi ulivyokaribia gome, ndivyo mti ulivyolia vizuri. Ulikuwa unakufa, sisi tukadhani unatukaribisha.

"Somoe," Tabia akasema. "Una nini?"

"Waite wenzetu, wifi," nikasema. "Kila mtu aje na panga lake. Asilioshe."

*

Tulikutana kwenye kibanda cha kitalu, saa nane mchana, joto limelala juu ya mabati. Nilianza vibaya, nilianza na habari za maji yanavyopanda ndani ya mti. Asumini Likoko, ambaye ulimi wake unaweza kumenya chungwa, alinikatiza.

"Somoe, shule tulishamaliza. Sema jambo."

Nikawapa kila mmoja karatasi na kuwaambia wapanguse mgongo wa panga. Wakapangusa. Nikawaambia waangalie. Karatasi kumi na moja zilikuwa buluu, na ya kumi na mbili, ya kwangu, niliiweka mezani ili wote waione ilivyo nzito kuliko zao. Kisha nikasema yote. Miti sitini, breki nane kwa kila mti, mvua baada ya siku kumi na tano.

"Tulikuwa tunabisha hodi," Asumini akasema polepole.

"Ndiyo."

"Kwa adabu."

"Kwa adabu."

"Na wale jirani zetu wa Chikoweti, wanaoingilia kwa nyuma bila kugonga, tunaowasema kila siku kwamba hawana malezi?"

"Upande wao miti ni mizima."

Mtu mmoja alicheka, kicheko kibaya, na hakuna aliyemfuatia.

"Breki ni zetu," akasema mama mmoja wa nyuma. "Miaka kumi na moja tumeipalilia miti hii. Msitu una Mungu. Shamba lina nani?"

"Lina sisi," akasema mwingine. "Na msitu nao umeharibiwa na sisi. Mungu ataingiaje hapo?"

Maneno yakapanda. Sikuyazuia, ilikuwa haki yao. Mmoja aliuliza kwa nini tusigawe nusu kwa nusu. Mwingine akauliza nusu ya msitu ni ipi, anayekwenda kuichagua ni nani. Kulikuwa na waliolia, na waliosema kwamba Mama Chachu alipwe kwa kufukuzwa. Hilo nilikubali kimoyomoyo. Tabia aliongea kelele zilipochoka zenyewe.

"Chupa zilizobaki ni ngapi?" akauliza.

Nilijua swali hilo lingekuja. "Mia nne na arobaini."

"Zilikuja mia nne na themanini."

"Arobaini nimezitumia leo asubuhi. Kwenye mstari wako. Kihwele alisema ni wadudu, nikapenda kumwamini."

Joto lote la kibanda lilinijia usoni. Asumini aligeuza shingo taratibu, akamtazama Tabia, akanitazama mimi. "Kumbe," akasema. "Damu nzito kuliko maji. Miti ya mwenyekiti imepona, sisi tujadili Mungu yuko upande gani."

Tabia aliinuka. Nilidhani anatoka, maana alikwenda mpaka mlangoni na kusimama akiangalia shamba, mistari kumi na miwili iliyonyooka. Miguu yake huvimba wakati wa joto, aliegemea nguzo.

"Mbegu za shamba hili tulizitoa wapi?" akauliza bila kugeuka.

"Kwenye msitu, wifi. Njia ya Mtoni, miti iliyo nyuma ya mti wa hodi."

"Na miti hii yetu imewahi kutoa mbegu?"

"Hapana. Mti wenye chachu hauchanui."

"Basi tunabishana nini?" Akageuka. "Huko ni kwa mama. Hawa ni watoto wasiozaa. Mama akifa, tutapanda nini mwakani, kelele? Breki ziende msituni, zote. Shamba tukate kabla ya mvua. Weusi uliopo haujakomaa, hautafaa zumari, lakini utafaa shanga, vifungo, mipini ya visu. Tusile hasara yote."

"Rahisi kwako kusema," Asumini akamjibu. "Wewe zumari yako ipo."

"Haipo." Tabia alisema hivyo kama anayesema bei ya chumvi. "Ile miti arobaini kuanzia sasa ni ya watu kumi na wawili. Mti wowote ukivunwa humo, umevuna na wewe. Mtu asije kuniambia nimeokolewa na wifi yangu." Kisha akanitazama, na mimi nilitamani asingefanya hivyo. "Na wewe sijakusamehe. Chupa zile arobaini ni miti mitano ya mwitu. Umeniulia miti mitano kwa kunipenda. Siku nyingine ukinipenda, niulize kwanza."

Hatukupiga kura. Asumini alikaa kidogo akifikicha karatasi yake ya buluu. Kisha akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akaenda kwenye kabati kuchukua keekee.

*

Tulichoma vyuma vyote kwenye moto kabla ya kuingia, mapanga, keekee, hata kisu changu cha kumenyea. Kwa siku tisa tulitoboa, tukamimina, tukaziba kwa nta. Kwenye kila mti tuliouchoma tuliacha kidude kidogo kinachotuma picha ya weupe wake kwenye simu yangu, ili mtu asilazimike kurudi kupima. Miti hamsini na mitano.

Ile mitano ya kuachwa hatukubishana. Ilijichagua yenyewe. Ilikuwa miti ya hodi, mmoja kwa kila njia, ndiyo iliyogongwa kuliko mingine na ndiyo iliyobakiwa na weupe wa ukucha. Hata chupa kumi zisingeiokoa. Siku ya mwisho tulipita kwenye kila mmoja. Wengine waliugusa, wengine hawakuweza. Asumini aliuomba radhi mti wa njia ya Mtoni kwa maneno marefu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutia kejeli hata moja.

Hapo ndipo mmoja wetu alipouliza tutabishaje hodi baada ya hapo. Chuma hakitagusa tena mpingo wa mwitu, hilo tulishaapa. Lakini kuingia kimyakimya kama watu wa Chikoweti, hapana, hatukulelewa hivyo.

"Desturi hatuivunji," Tabia akasema. "Tutagonga mara tatu kama zamani. Kwa kiganja."

Sote tukaona ni neno la busara. Tukaenda nyumbani.

Shamba tulilikata kwa siku nne, tukang'oa na visiki, tukabakisha mstari mmoja wa miti arobaini ulioonekana kama mtu aliyesahauliwa kwenye kituo cha basi. Mvua zilikuja tarehe ishirini na nne, setilaiti zikawa zimekosea kwa siku ile moja ziliyoiombea radhi mapema. Niliandika ripoti yote, na kishoka changu nikakitaja. Jina la Kihwele sikuliandika. Yeye mwenyewe alipoisoma aliandika lake chini ya langu, pamoja na alichonishauri kwenye simu. Kituo kilikaa miezi miwili bila kujibu, kisha ikaja barua: chachu imepigwa marufuku mahali popote penye mpingo wa mwitu ndani ya mwendo wa siku moja. Mimi sasa ni Mama Chachu asiye na chachu. Watoto bado wananiita hivyo.

Masika yalipokwisha, simu yangu ilionyesha maduara hamsini na matano. Kila duara lilikuwa na weusi katikati na weupe pembeni, na weupe ulikuwa umeacha kupungua. Miti mitatu kati ya hiyo ilikuwa imeongeza weupe mpya, mwembamba kama karatasi. Nilikwenda kumwonyesha Tabia. Alivaa miwani, akaangalia duara moja moja mpaka la mwisho. Hilo lilimchukua karibu saa nzima, uji wake ukapoa.

"Umefika msituni?" akaniuliza aliponirudishia simu.

"Bado. Nakwenda leo. Ming'oko imenona sasa."

"Mimi nilikwenda juzi," akasema.

"Ukapata?"

Alikunywa uji wake wa baridi. "Nenda ukaone mwenyewe."

Nilichukua kikapu na mti wa kuchimbia, nikashika njia ya Mtoni. Mti wa hodi ulikuwa umekauka, hauna jani hata moja. Mpingo uliokufa umesimama hauozi upesi. Huo utasimama pale mpaka wajukuu wa wajukuu zetu wawe wazee. Nyuma yake msitu ulikuwa umechanua, yale maua meupe madogo yenye harufu ya asali, na chini niliona mashina ya ming'oko yametambaa mpaka mdomoni mwa njia. Mate yalinijaa. Niliusogelea mti, nikaupiga kwa kiganja.

Kiganja hakitoi sauti kwenye mpingo. Nilisikia nyama yangu tu. Nikapiga mara ya pili, kwa nguvu zaidi, mpaka mifupa ikauma, na mara ya tatu. Nikatega sikio. Nilisikia nyuki kule ndani, na ndege, na moyo wangu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ile Tabia aliposema kiganja alijua mti hautaitika, na kwamba yeye juzi alisimama palepale, akapiga mara tatu kwa mkono wake wa miaka sabini na mmoja, akasubiri. Nilisubiri na mimi, zaidi ya inavyotakiwa.

Hakuna aliyeitika. Nikageuka na kikapu changu kitupu, nikarudi nyumbani.